Msimu wa Pili wa Mvua

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka kwa msimamizi wangu wa tasnifu. Wanafunzi wa jiolojia tunamwita Mwamba — akiwa hayupo, bila shaka. Masomo ya darasani nimemaliza. Pendekezo la utafiti lilipita zamani. Kilichobaki ili nipewe shahada ya uzamili: vipimo vya msimu wa pili wa mvua, kisha niitetee tasnifu mbele ya jopo. Nikamwambia ufa ninaoupima kule kilimani umepanuka hata kabla mvua haijaanza. Mguu wangu sasa unaingia. Akasema vipimo vya msimu mmoja si ushahidi, nisiwatie watu kiwewe kwa kazi ambayo haijakamilika.

Si mtu mbaya. Kanuni ndizo zinasema hivyo. Ila dada yangu anaishi chini ya kilima hicho hicho. Mvua naihitaji — na naomba isije.

Alhamisi, 6 Machi

Kwa dada. Nimewaeleza bila maneno ya darasani: chini ya udongo wa juu kuna udongo wa mfinyanzi, ukilowa unateleza, kilima kizima kinaweza kushuka. Shemeji akaniuliza kama hiyo shahada nimeshaipata. Bado. Basi, akasema, nikiipata nije niwahamishe! Tukacheka. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Dada hakucheka. Alinisindikiza hadi barabarani.

"Mdogo wangu, ingekuwa nyumba yako, ungelala humo?"

Nikamwambia tusubiri vipimo. Nimemjibu kama Mwamba.

Jumapili, 9 Machi

Imenyesha. Mchana kutwa.

Jumatatu, 10 Machi

Kilimani asubuhi. Nilikuwa nimechomeka vigingi pande zote mbili za ufa, nipime jinsi vinavyoachana. Kimoja kimelala. Cha pili sikukiona kabisa. Ufa umekimeza. Miti ya upande wa chini yote imeinamia bondeni, kama watu wanaosikiliza kitu. Nilikuwa na futi ya kupimia mkononi na sikuwa na pa kuishikiza.

Nikampigia Mwamba. Akasema: "Teremka. Usipime kitu."

Mchana akapiga simu mwenyewe ofisi ya maafa, mimi nikiwa pembeni. Wakamuuliza kama utafiti umeshapitishwa na jopo. Akasema bado. Wakamwambia alete ripoti iliyosainiwa, wataijadili. Akaweka simu chini, akavua miwani, hakunitazama. Jioni nikampigia dada, nikamwambia waondoke. Alikubali. Shemeji akasema kesho, mvua ikikatika. Watabebaje magodoro kwenye tope.

Jumanne, 11 Machi

Mvua haijakatika. Niko ofisini kwa Mwamba, anaandika ripoti haraka haraka, mimi namsomea vipimo vya mwaka jana.

Sasa hivi dada amepiga. Hawajaondoka. Vitu wameshafunga, lakini mlango wa mbele umekwama. Haujafungwa kwa ufunguo, umekwama tu. Shemeji anausukuma kwa bega. Anasema ni kawaida, mlango umevimba kwa mvua.

Mlango ule ni wa chuma.

Chuma hakivimbi. Ni nyumba inayopinda. Nimemwambia: mlango wa jikoni, sasa hivi, acheni kila kitu. Mwamba ameacha kuandika, ameshika simu nyingine, anawapigia zimamoto. Simu yangu iko mezani, nimewasha spika. Naandika kila ninachosikia. Dada amekwenda kuujaribu wa jikoni. Nasikia nyayo zake. Nasikia shemeji anamwita aje amsaidie huku mbele —