Mto Ukae Mkono wa Kulia

Baba Kendi,

Nakuandikia miguu ikiwa ndani ya karai la maji moto na chumvi, kama ulivyokuwa ukifanya wewe, na leo sitaki mtu aniambie neno. Nimeuzunguka mto wetu. Ule mzunguko wetu wa kutoka hapa nyumbani Kibirichia, kupanda mashamba ya viazi, waru zetu, hadi kule juu kwenye nyasi za baridi kusikomea mti, kisha kushukia mgongo wa pili wa mlima, ng'ambo ya mto, mpaka darajani, nimeumaliza. Peke yangu. Mzee, mimi na wewe tuliuanza mara nyingi, lakini tuliumaliza lini?

Wewe ndiye uliyeuanzisha. Ulisema ni aibu mtu kuishi chini ya mlima maisha yake yote akijua upande mmoja tu wa mto wake. Basi kila tukishavuna waru, ulichukua fimbo, mimi nikatia viazi vitamu na chupa ya chai kwenye kiondo, tukatokea geti la juu. Kuna mwaka mvua ilitufukuza. Kuna mwaka tulikuta ndovu wamesimama njiani kama wenye shamba, tukarudi bila kubishana. Na kuna ule mwaka wa ukungu, na huo hata ungekuwa hapa usingetaka niutaje.

Tulikuwa tumefika pale juu migongo yote inapokutana. Ukikosea kidogo pale, kadiri unavyoshuka ndivyo unavyozidi kwenda mbali na kwenu. Nilikuambia, "Baba Kendi, huu si mto wetu. Wetu unanguruma, huu unanong'ona."

Ukanijibu bila hata kugeuka, "Mama, mto ni mto."

Haya, tukashuka. Tulitokea kwenye boma la watu tusiowajua, matope mpaka magotini, kumbe walikuwa wanawangoja wazee wa upande wa kijana waje kuposa. Tukapokewa kwa vigelegele. Na kwa kuwa mgeni haulizwi ametoka wapi kabla hajala, tulikalishwa viti vya mbele tukaletewa mukimo wa viazi vya kuponda na kuku, nawe ukala huku ukinikanyaga mguu ninyamaze. Ulipoombwa useme neno, ulisimama ukaibariki ile nyumba vizuri hivi kwamba karibu mimi mwenyewe niamini tumekuja kuposa. Ndipo wenyewe wakafika na ncoolo yao, kile kitita cha miraa ya posa, wakatukuta tunalamba mifupa. Asiyesikia la mkewe hula posa ya watu. Baba wa msichana alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa, kisha akatusindikiza hadi barabarani. Njia nzima ya kurudi ulitangulia na fimbo yako, na mimi nilikuwa nacheka ndani ya leso.

Sasa sikia. Tangu tukuzike, Kendi wetu amekuwa na wimbo mmoja. "Mum, si ukuje tu tukae na wewe Meru town. Ukianguka huku, nani atakuona?" Ni mtoto mzuri na ananipenda, siwezi kumlaumu. Lakini alikuwa ameshamtafutia ng'ombe wetu mnunuzi, na chumba changu huko town ameshakipaka rangi. Nilikuwa silali vizuri. Kuondoka hapa, Baba Kendi, ningekuwa nakuacha mara ya pili. Nikamwambia, nipe asubuhi moja. Nikiuzunguka mto wetu kwa miguu yangu na nirudi chakula cha mchana kabla hakijapoa, hiyo hadithi ya town iishe. Nikishindwa, nitafunga virago mwenyewe. Alikubali upesi sana, kwa sababu anajua wewe ulishindwa.

Leo, Jumamosi, nikakamua ng'ombe, nikachukua fimbo yako, nikaenda. Waru zimetoa maua, na minji, zile njegere za jirani, imefika kiunoni. Pale kwenye geti la ule waya wa stima unaozuia ndovu wa msituni, askari akaniuliza, "Shosho, unaenda wapi peke yako?" Nikamwambia naenda kushinda kesi. Akanifungulia.

Nilipanda polepole, mto ukiwa mkono wangu wa kulia, chini bondeni. Magoti yalilalamika, nikayaacha yalalamike. Miti ikaisha, zikaanza zile nyasi za mashungi zinazoficha maji, upepo ukinivuta kitambaa. Nilipofika palepale penye kosa lako, ukungu ukashuka. Niliogopa. Nilisimama pale nikakutamani, hata kwa ubishi wako tu. Mbele kulikuwa na ile njia pana iliyokanyagwa na ng'ombe, ile uliyoipenda, na mto unanong'ona huko. Nikazuia pumzi. Upande wa kulia, mbali chini, wetu ukanguruma. Nikaiacha njia pana nikaingia kwenye nyasi zenye umande, mto ukabaki mkono wa kulia kupanda na kushuka, na ukungu ulipofunguka niliona daraja letu na mabati ya nyumba yetu ng'ambo yakimetameta. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilikuwa nasema kweli, Mzee. Miaka yote hiyo.

Nikavuka daraja, nikaingia kwa geti la chini. Sufuria ilikuwa bado jikoni inachemka. Kendi alikuwa kule geti la juu, mkono juu ya macho, anautazama mlima, simu mkononi tayari kuniitia watu. Nikapita kando ya zizi, nikasimama nyuma yake.

"Kendi, unamngoja nani?"

Aliruka. Akaniangalia matope mpaka magotini, akaliangalia geti la juu, akaniangalia tena. "Mum! Umetoka wapi?"

Nikamwambia, "Mwanangu, mgeni haulizwi ametoka wapi kabla hajala."

Alicheka, kisha akalia, kisha akampigia yule mnunuzi akamwambia ng'ombe hauzwi.

Basi pumzika hapo chini ya mlima wako, Baba Kendi. Mimi nipo, na nitakuwepo. Maji ya karai yamepoa, na jioni kuna kukamua.

Ni mimi niliyekuambia,
Mama Kendi