Kikombe Chako Hakijakauka

Base Camp, Nakivale
17 Novemba 2013

Mpendwa dada Nabintu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Yale mafua yamekuachia? Na shemeji Constantin ameizoea baridi ya Kanada, au bado analala na koti? Sisi huku tu wazima, ila hakuna anayekalia kiti chako. Nimekukumbuka mno, dada.

Ulisema kwenye simu kwamba umeanza kusahau meza ya Mama. Neno hilo lilinichoma. Basi nimekuchorea: kikombe chako cheupe chenye pengo mdomoni, wale samaki wadogo, sambaza wakavu, kwenye sahani ya bati, na maparachichi matatu. Ni picha ya rangi za mafuta juu ya kitambaa, kazi niliyofundishwa na mwalimu Kabera kule Nyamitanga, Mbarara.

Usicheke, kazi hii ni tamu! Nilidhani kikombe cheupe kinataka rangi nyeupe tu. Ukikitazama asubuhi nzima, unaona bluu upande wa kivuli, na kijani kidogo kinachotoka kwa parachichi. Mke wangu Anne analalamika kwamba hata ugali sasa unanuka mafuta ya rangi.

Shida ni wageni. Chakula kiko mezani, mtu ameingia, utamwambiaje asile? Mama alimkaribisha Pasta Ngoga mbele ya macho yangu, naye akalimaliza parachichi kubwa kwa chumvi. Lile la kushoto nimelichora kwa kukumbuka.

Nilitaka jirani yetu Anatole, anayesafiri kesho kuja huko, akuletee picha. Lakini kwa tamaa yangu nilipaka rangi nene mno, na mvua hizi hazikatiki. Bado mbichi, ikikunjwa itaharibika. Atakuletea barua hii tu, na picha itangoja msafiri mwingine, sijui lini. Nimelia, sikufichi.

Mama ndiye haelewi kabisa. "Ni rangi gani hii yenye haikauke? Mutoto wangu anaingojea!" Kila asubuhi anaigusa.

Msalimie shemeji, na umbusu mpwa wangu Olga mdogo. Mungu awafunike huko mliko.

Anne anakusalimu. Mama naye anakusalimu sana; alama ya kidole chake imebaki kwenye mkono wa kikombe chako. Nilishika brashi niifute, nikaiweka chini. Picha ikifika, weka kidole chako hapo.

Mdogo wako anayekupenda,
Parfait