Askari Weupe mu Kifua cha Orly

Bunia, kartie Bigo
Tarehe 17 Juni 2012

Mpendwa Hilaire, mutoto wa dada yangu,

Nakusalimia weye kwanza, halafu nyumba unamolala, na hata ile baridi ya Nairobi inayokusumbua asubuhi. Unakula vizuri? Kazi inaendelea? Siye huku tuko wazima. Mimi nimepita miaka makumi tano na bado vijana wa kartie, mutaa wetu, wakishindwa kutoa pikipiki mu matope wananiita. Muke wangu Mama Emérance anasema ilikuwa mara moja tu. Usimusikilize.

Amani iko, ila ni ya kukanyaga polepole. Watu wanalima, malori ya Mahagi yanapita, lakini kila nyumba bado inaweka sanduku moja karibu na mulango, tayari kwa kukimbia.

Sasa nakuja kwa mutoto wako. Muke wako Bénédicte anarudi kutoka Mahagi Jumamosi, na ninataka usikie kwanza kwangu. Orly alizidiwa. Sasa yuko anapona. Kosa ni langu.

Unajua Bénédicte alienda kumuuguza mama yake, akatuachia mutoto pamoja na kazi yake: asubuhi na jioni kumulaza juu ya mukeka, kumupigapiga mugongo na kiganja kilichokunjwa kama kikombe, mpaka yale makohozi mazito ya mukovisidozi, ule ugonjwa aliozaliwa nao wa ute kuganda mu mapafu, yapande, ayateme. Alinichagua mimi kwa sababu ya mikono yangu. Wakati nilipokuwa napiga ngoma mu parokia, watu walicheza mpaka Mahagi bila kujua muziki inatokea wapi. Orly anapenda nimupige kwa mdundo wa Pasaka.

Halafu akashikwa na homa kidogo, tukapimisha damu. Karatasi ilirudi imeandikwa: globules blancs, zile chembe nyeupe za damu zinazotulinda, elfu kumi na tisa. Mimi nilifika mwaka wa pili wa sekondari, karatasi hainishindi. Niliisoma kama bulletin ya masomo: pointi mingi, mutoto amefaulu. Sikungoja daktari. Niliipeleka mpaka kartie ya Rwambuzi kwa rafiki yangu Bruno.

«Ona,» nikamuambia, «mujukuu wangu iko na askari elfu kumi na tisa mu tone dogo kama kichwa cha sindano.»

«Na bado anakohoa? Basi hao askari wako wanacheza karata.»

Nilirudi na hasira, nikaamua kwamba mutoto mwenye jeshi kama hilo, kumupiga mugongo ni kumusumbua bure. Mama Emérance alinigombeza, nikamuonyesha karatasi. Niliacha siku tisa, Hilaire. Kila asubuhi Orly alilala juu ya mukeka akaniuliza: «Babu, leo pia hupigi?» Nikamuambia apumzike.

Siku ya kumi alikuwa anavuta pumzi kama mutu anayenyonya maji kwa murija uliozibwa, na midomo imebadilika rangi. Nilimubeba mugongoni mpaka hospitali. Njiani nilipita pikipiki mbili. Hiyo ni kweli, ingawa moja ilikuwa imeharibika.

Sasa sikia maajabu. Mu laboratwari kuna binti anaitwa Noëlla. Alipochoka kuniona nazunguka mulangoni na maulizo, aliniita niangalie makohozi ya Orly mu mikroskopi. Ile rangi yake ya majani, mimi nilidhani ni ya vijidudu. Apana, ni ya chembe nyeupe zenyewe. Nikaziona, nyingi sana, na nyingi zimepasuka kama mayai yaliyokanyagwa.

«Hao askari wako, papa,» Noëlla akasema, «wengi ni maiti.»

Alinieleza bila haraka. Mu mapafu ya Orly ute ni muzito, vijidudu vinajificha humo. Askari weupe wanaitwa, wanakuja, wanaitwa tena, wanakuja tena, lakini hawavimalizi. Wakifa wanapasuka, na nyuzi zilizokuwa ndani yao zinamwagika, zinafanya ute uwe gundi. Tena ile dawa kali wanayobeba ya kuua vijidudu inakula ukuta wa pafu lenyewe. Kwa hiyo elfu kumi na tisa haikuwa kufaulu, ilikuwa makelele ya vita. Na kupiga mugongo ndiyo namna ya kutoa maiti nje.

Siye watu wa Bunia tungepaswa kuelewa hayo kabla ya wengine wote. Tumeona watu wanakuja kutulinda, wanakaa, mpaka mulango wa nyumba unakuwa kuni zao.

Nilimuuliza Noëlla ni nani anawaambia askari weupe kwamba vita imekwisha, warudi. Akasema mu mwili wa wengine kuna amri ya namna hiyo, lakini kwa Orly ni kama haifiki, na yeye hajui yote. Tafazali muulize daktari wa Nairobi, yule aliyepima jasho la mutoto akagundua ugonjwa huu. Amri inatoka wapi? Inapotelea wapi? Nachunga ng'ombe nikiwaza hayo, juzi, mbili kati yao zikaingia mu mihogo ya watu.

Homa imeshuka, sindano zinaendelea, jana alikula ndizi mbili. Daktari hakunificha: kilichoharibika mu pafu hakitarudi chote.

Nisamehe, mutoto wangu. Ukiandika kwamba mikono yangu isimuguse tena, nitatii, Mama Emérance amekwisha kujifunza kupiga. Mpaka jibu lako lifike, napiga asubuhi na jioni, na kila karatasi inapita kwanza kwa Noëlla kabla ya kufika kwangu. Leo Orly mwenyewe alitandika mukeka, akanigeuzia mugongo nimupige.

Ambroise wa lori ndiye anakuletea barua hii. Tusalimie Trésor na wote munaokaa nao. Mama Emérance na Bruno wanakusalimia. Mungu akulinde huko, na akupe pumzi ya kutosha weye na damu yako.

Orly anataka niandike pia maneno yake: «Papa, babu anapiga vizuri kupita mama.» Hayo mimi sikuyaongeza.

Wako anayekupenda bila kuchoka,
Mujomba Michel