Chai Niliyokunyima

Mami,

Nina hasira na wewe. Nianze na hilo, kwa sababu nikianza na salamu nitalia na hii barua haitaisha. Niko hapa Membley, Ruiru, mezani jikoni, saa nne asubuhi. Kichwa kinanigonga kutoka nyuma ya jicho la kulia mpaka shingoni. Kazini nimewaambia mimi ni mgonjwa, na si mgonjwa. Ni siku ya nne sijaweka chai wala kahawa mdomoni, na jana huko Thika nimeambiwa jambo ambalo ulipaswa kuniambia wewe mwenyewe ukiwa hai. Simu ulikuwa nayo. Kila Ijumaa tulikuwa tunaongea.

Ngoja nikueleze vile nimefika hapa. Wiki jana nikiwa kwa foleni ya benki moyo ulianza kukimbia, nikashika ukuta. Kule kliniki wakaniuliza nakunywa nini kwa siku. Nikataja: chai mug mbili asubuhi, kahawa tatu ofisini, chai ya saa kumi, na ile ya baada ya chakula cha jioni ambayo huwa siihesabu. Daktari akaandika, akaniangalia juu ya miwani, akasema nipunguze polepole. Unajua mtoto wako. Nilifika nyumbani nikamwaga kila kitu siku hiyo hiyo. Mimi sijui kupunguza, najua kukata tu.

Siku ya kwanza nilijisifu kwa Kariuki. Siku ya pili nilimfokea kwa sababu amefunga mlango wa friji kwa nguvu, na hakuwa ameufunga kwa nguvu, maskini. Siku ya tatu miguu iliuma kama mtu mwenye malaria, nikatapika kidogo, nikalia kwa sababu kitunguu kimeoza. Siku hizi huyo mume wangu anakunywa chai yake ndani ya gari, madirisha yamefungwa, halafu anaingia akitafuna chingamu akifikiri sijui. Harufu naisikia kabla hajafungua geti. Juzi karibu nimnyang'anye shati ninuse.

Na hapo ndipo nilipokukumbuka, Mami, na nikaogopa.

Nilikukumbuka kwa kile chumba cha wageni, pazia limefungwa mchana, umejifunga kitambaa kichwani ukakaza mpaka ngozi ya paji la uso ikakunjana. Ilikuwa mwezi wa tatu. Nilikuwa nimekutoa Makongeni, huko Thika, kwa sababu presha ilikuwa imepanda na nilitaka nikuangalie mwenyewe. Ulikuja na begi moja na kopo lako la majani ya chai, na kabla hujavua viatu nilikuwa nimeyamwaga kwa pipa. Nikakuwekea maji ya moto na ndimu. Ukanywa kwa adabu, ukaniambia asante, kama uko kwa watu.

Siku ya pili ukasema, "Maitu, kichwa kinapasuka." Nikakwambia unadeka. Nilitumia neno hilo, kwa mama yangu mwenye miaka sitini na nane. Ukatapika, nikasema ni maharagwe. Mikono ikakutetemeka ukishika kijiko, nikasema ni uzee. Ukaniomba hata ya kuonja tu, nusu kikombe, nikakujibu, "Ni chai, Mami, si bangi." Niliona nimesema kitu cha maana sana. Hata nilimrudia Kariuki maneno hayo tukicheka.

Wewe hukukasirika. Ulisema hata mama yako hakuwa mkali hivi, ukacheka kidogo umeshika kichwa. Uliniita Maitu, yaani mama, maisha yangu yote, kwa kuwa nina jina lake, na mara nyingine nilisahau kwamba mimi si mama yako kweli.

Siku ya tano nilirudi kutoka kazini nikakuta kitanda kimetandikwa na begi halipo. Ulikuwa umepanda boda mpaka stage, na kichwa hicho, na jua hilo. Nilikupigia. Nilikwambia, "Kama unataka kujiua na chai, jiue." Ukasema, "Haya, Muthoni." Hukuwahi kuniita Muthoni tangu nikiwa shule. Baada ya hapo tuliongea mambo ya mvua, ya kanisa, ya bei ya viazi. Chai hatukuitaja tena. Wiki sita baadaye ukaanguka bafuni Makongeni, na ulipofika hospitali ulikuwa umeshaenda.

Kuna kitu sijamwambia mtu, hata Kariuki. Yule daktari wako hakusema uache chai. Alisema upunguze. Nilikuwa nimeketi hapo kando yako na nilimsikia vizuri. Tulipofika kwa gari nikakwambia amesema uache, maana nilijua ukipewa nafasi ya kupunguza utapunguza leo na kuongeza kesho. Kufika mazishini nilikuwa nimeurudia uongo huo mara nyingi, nikauamini mwenyewe.

Na mazishini nilisimama. Ulisikia? Nilichukua kipaza sauti mbele ya akina mama wa kanisa lako, wale mliofuliana na kuimbiana miaka yote, nikasema Mami alikuwa na kichwa ngumu. Nikasema aliambiwa na daktari aache chai akakataa kusikia, na chai ndiyo imemwondoa. Wakatikisa kichwa, wakasema woi. Halafu wote tukaenda kupanga laini kwa ile sufuria kubwa, na mimi pia nilikuwa na mug mkononi. Nilikunywa mbili.

Sasa jana. Nilienda Thika kumrudishia mwenye ploti ufunguo wa nyumba yako, nikabisha kwa Mama Kimani kumuaga. Miaka kumi na minane mmegawana ukuta na huyo mama, singeweza kupita mlango wake. Hata sikuwa nimekaa vizuri, kikombe kilikuwa mezani. Nikasema asante, lakini sinywi.

Unajua hiyo ni nini kwetu. Mtu hakatai chai ya mtu nyumbani kwake. Akikataa, ana neno moyoni, au anaogopa kilichowekwa ndani. Ningesema nimefunga ningesamehewa. Lakini kichwa kilikuwa kinaniua, nikasema tu sinywi, nikasukuma kikombe mbele. Mama Kimani alikiangalia kile kikombe. Halafu akasema, "Ulimkataza mama yako, sasa umekuja kunikatalia mimi kwangu."

Na akafunguka. Kumbe miezi mitatu alikuwa amebeba siri yako.

Aliniambia kwamba tangu siku uliyorudi kutoka kwangu mlikuwa mnapika chai pamoja, kwake, ili yeye akuangalie mkono usizidishe. Vijiko viwili vya majani vikawa kimoja na nusu. Wiki nyingine kimoja. Halafu nusu, halafu ile ya kushika kwa ncha za vidole. Siku kichwa kikianza mnarudi nyuma kidogo, mnangoja, mnaendelea. Ati ulikuwa unamwambia kichwa ukikiibia kidogo kidogo hakijui. Mwishowe Mama Kimani akalalamika kwamba unamnywesha maziwa ya mtoto, akawa anapika yake kando. Dawa ya presha ulikuwa unameza kila asubuhi mbele yake. Na ulimkataza asiniambie. Ulisema ukimaliza utakuja Ruiru mwenyewe umwonyeshe Maitu.

Mami, kwa nini?

Ulikuwa unangoja nini? Ulitaka kumaliza kwanza ndiyo uje na ushindi wako, si ndiyo? Nakujua. Ulienda ngumbaru, darasa la watu wazima, mwaka mzima ukitudanganya unaenda kwa maombi, mpaka ile jioni ulipochukua barua ya shule kutoka kwa mkono wa Baba ukaisoma mwenyewe kwa sauti, herufi kwa herufi, umesimama. Siku hiyo nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Nilikuwa na miaka tisa na nilifikiri hakuna mama kama wewe. Jana sikupiga makofi. Jana nilitaka kuvunja kitu. Maana safari hii hukufika kwa ile sehemu ya kusoma kwa sauti, ukaniacha nikisimama juu ya kaburi lako nikikusema vibaya, na wewe ulikuwa umebakisha maji na maziwa tu. Simu moja, Mami. "Maitu, nimefika nusu kijiko." Ningekuja usiku huo huo.

Ama singekuja. Ama ningesema nusu kijiko bado ni chai. Hilo pia nimeliwaza tangu jana na silipendi.

Nilimuuliza Mama Kimani mbona hakusema kitu mazishini, na yeye alikuwa amekaa safu ya pili. Akaniambia, "Ulikuwa na kipaza sauti. Ningeanzia wapi?" Nilikuwa na hasira naye pia. Niliondoka chai yake ikiwa baridi mezani. Nilipopita Juja nikaegesha kando ya barabara, nikapiga kelele ndani ya gari peke yangu mpaka sauti ikakwama.

Ngoja kidogo, nakuja.

Nimerudi. Nimeenda nikachemsha maziwa na maji, nikaazima majani kwa jirani kwa sababu yangu nilimwaga, nikaweka nusu kijiko. Nimekunywa kikombe kidogo, nimesimama hapo kwa dirisha. Imepita karibu nusu saa na kile kinachonigonga nyuma ya jicho kimeanza kushuka. Bado kipo, lakini naweza kuona ninachoandika.

Na sasa nina hasira kuliko nilivyoanza. Nusu kijiko. Ndicho ulichoniomba ukiwa umelala kwa kile chumba, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ndimu yangu. Sijui kama ungeishi. Presha ni presha, ungeweza kuanguka hata hapa, hata ukiwa unakunywa maji matupu. Lakini ungekuwa kwangu. Ningesikia kishindo. Mama Kimani alikupata baada ya ibada, na ibada siku hiyo ilichelewa kuisha.

Mimi sasa nitafanya vile ulivyofanya. Wiki hii nusu kijiko asubuhi na nusu mchana, kahawa ya ofisi nimewaachia, na nikizidiwa nitarudi nyuma nisubiri. Kariuki nitamwambia arudi anywe chai mezani kama binadamu. Itachukua muda wake, na mimi sina subira, lakini najua mtu mmoja aliyeweza.

Jambo lingine ndilo gumu. Leo asubuhi nimempigia mwenyekiti wa akina mama huko Thika, nikaomba dakika tano Jumapili baada ya ibada. Akaniuliza ni za nini. Nikasema ni za Mami. Akafikiri ni shukrani, akasema nije na picha yako nzuri. Mami, naogopa wale kina mama kuliko nilivyoogopa kukuzika. Watanyamaza ule unyamavu wao. Wengine watasema huyu ndiye alimfukuza mama yake na ndimu, na watakuwa hawajakosea sana. Na wewe hutakuwa hapo kuwaambia mwacheni mtoto.

Lakini nitaenda. Nakuahidi. Sitakuja na picha na sitalia kabla sijamaliza kusema. Nitawaambia daktari alisema upunguze, na mimi nikakwambia amesema uache. Nitawaambia ulikuwa unapunguza, nusu kijiko na chini yake, huku mimi nikiwa nimekununia. Nitawaambia mama yangu alikuwa anasikia vizuri sana, na nilichosema kaburini nilidanganya.

Lala, Mami. Sijamaliza kukukasirikia, na wewe usiharakishe kunisamehe. Ngoja kwanza Jumapili ipite.

Ni mimi,
Muthoni