Lazaro Hapatikani

Baba Winrose,

Uji uko kwa thamosi. Usiwashe kompyuta ~~mpaka nirudi~~ hapana, washa, lakini keti kwanza.

Asubuhi nilitaka kukutolea kwa karatasi maandishi yako ya mahubiri ya leo. Nikaandika "Lazaro" pale pa kutafutia, kwenye ile programu unayoandikia mahubiri. Ikasema hakuna. Nikarudia, hakuna! Kama nimeyafuta, utasimama mbele ya jeneza la Lusweti useme nini? Natangulia mazishini kupika. Ukweli ni kwamba nakukimbia wewe.

Fungia kuku.

Nimerudi kutoka langoni. Uliyaandika mwenyewe, na wewe huandikanga vile unaongeanga. Tafuta "Razaro". Mungu wangu, Lazaro atoke nje.

Mama Winrose