Shemeji Hahami, Anasema Ndiye Mlainishaji wa Mashuka

Mshauri, naomba msaada, na nakuomba usicheke kabla hujafika mwisho. Jumapili mchana shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ametangaza mezani kwamba hahami tena kwangu, na sababu aliyoitoa huku akijipakulia mara ya tatu ni kwamba akiondoka yeye mwanangu hatalala, na kinachoniumiza ni kwamba anasema kweli.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, hata sasa nakuandikia nikiwa nimekalia rundo la sketi zinazosubiri lastiki kiunoni, na mwanangu ana miaka mitano na ngozi yake, kama alivyotueleza mtaalamu wa kliniki, inasikia mambo ambayo zetu hazisikii, si ukaidi wala kudeka, lebo ya shati kwake ni mwiba na mshono wa soksi ni jiwe. Balaa lenyewe ni shuka. Nilinunua la kuteleza akasema lina baridi kama samaki, nikanunua la maua akasema maua anayasikia kwa visigino, nikanunua la bei mbaya akalikunja vizuri kabisa akalitupa dirishani likamfunika mama wa jirani aliyekuwa anaanika nguo, na tukawa tunakesha nyumba nzima, mpaka siku moja kwa usingizi nikashona mfuko wa sketi upande wa makalioni.

Ndipo shemeji akaja kwa siku mbili tatu, na ni mtu wa kilo mia na kitu, akajilaza mchana kwenye kitanda cha mtoto, jioni ikafika tumeshindwa kumwamsha, mtoto akajibanza pembeni yake akalala fofofo hadi asubuhi. Nikasema basi, siri ni shuka lililolainishwa na mwili mkubwa. Tangu hapo kila shuka jipya lazima lipitie kwa shemeji, na kazi ameishika kwelikweli, anaanza upande wa ukuta anamalizia upande wa mlango, anadai nyama kila siku kwa sababu eti mwili mwembamba haulainishi, na juzi mama wa jirani naye ameleta mashuka yake mawili akaambiwa asubiri zamu.

Lakini kulainisha peke yake hakutoshi, mtoto akilala lazima shemeji akae ukingoni mwa kitanda, shuka likaze kama ngoma, na akinyanyuka tu hata kwenda msalani mtoto anaketi wima, "Mama, shuka limeamka! Linatembea!" na shemeji anarudi mbio mkanda ukiwa mkononi, "Nimekuja baba, nimekuja, nalikalia."

Jumatatu ijayo anatakiwa aanze kazi kwenye karakana ya kuchomelea mageti, mji mwingine, kazi ambayo mume wangu alimtafutia kwa kupiga magoti. Nilipomkumbusha akanijibu, "Shemeji, mageti yana wachomeleaji wengi. Huyu mtoto ana mimi peke yangu." Mume wangu akainamia sahani, akaendelea kuchambua mifupa. Mama mkwe kwenye simu akasema, "Mwacheni mwanangu, hatimaye amepata kipaji." Sasa mshauri, nimtoe shemeji mwanangu akeshe, au nimlishe huyu mtu mpaka mtoto aoe?

Fundi wa Sketi

*

Fundi wa Sketi,

Pole. Kukesha na mtoto anayeteseka si mzaha, na umefanya vema kumsikiliza mtaalamu badala ya kumwita mwanao mkaidi. Pongezi zangu zinaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeandika kwa mkono wako kwamba shuka lililokwisha kulainishwa halimtoshi mtoto mpaka baba yake mdogo alikalie. Ulaini ungekuwa ndio dawa, safari ya msalani isingeharibu kitu. Kitambaa hakiwi kigumu kwa dakika mbili. Kinachorudi ni mikunjo. Mtoto amekwambia waziwazi: limeamka, linatembea. Wewe umesikia hadithi, yeye alikuwa anatoa taarifa. Shuka limelegea, linasogea, na kila mkunjo kwake ni kamba. Shemeji yako hajalainisha chochote. Alikuwa kigingi.

Na anayehangaika kutafuta kigingi ni nani? Fundi aliyekalia rundo la sketi! Siku nzima unazuia nguo isitembee kwenye miili ya watoto wa watu, ukirudi nyumbani unamfunga wako kwa shemeji. Mama, huhitaji shemeji. Unahitaji lastiki.

Pima godoro: urefu, upana na unene wake. Kitambaa kiwe cha pamba, na mtoto akiguse mwenyewe kwa kiganja na kwa shavu kabla hujalipa. Maua unayoyapenda wewe yabaki dukani. Kifue mara tatu ndipo ukitandike, ule ukavu wa dukani utoke, kwa sabuni isiyo na manukato. Lebo ifumue yote. Ukiikata utamwachia kisiki. Tia lastiki kuzunguka pembe zote nne, na mshono ukae chini ya godoro. Usibadilishe mto na blanketi siku hiyo hiyo, maana akikataa hutajua amekataa nini. Wala usimlundikie mablanketi mazito kwa kuwa alilala vizuri kando ya mtu wa kilo mia. Hilo kaulize kliniki kwanza.

Shemeji usimfukuze. Mpe kazi ya mwisho: alitandike shuka hilo kwa mikono yake, avute kila pembe, kisha akae kwenye kiti, mbali na kitanda. Mumeo awepo ashuhudie, na safari hii afungue mdomo, ndugu ni wake. Mtoto akilala, mama mkwe apigiwe simu aambiwe kwamba kipaji kimestaafu kwa heshima. Mtoto akimlilia baba yake mdogo baadaye, hayo ni mapenzi, si shuka. Aje kumtembelea mwisho wa mwezi, na begi dogo.

Mama wa jirani arudishiwe mashuka yake. Yafue kwanza.

Jaribio lifanyike Ijumaa jioni. Karakana inafunguliwa Jumatatu, saa moja asubuhi.