Sahani ya chefu

Mama Neema mupenzi,

Jambo kwako na kwa watoto. Huku Bunia mvua iko inanyesha kila mangaribi. Jana, mu restora moja ya Mudzipela, nilikuta magardi yangu, walinzi wa parke ya wanyama, mikono yote mu sahani moja, vile siye tulikuwa tunakula mu pori mbele wakubwa wanifanye chefu wao. Nikawakaribia na furaha. Wakaona galoni mupya, alama ya cheo, ku bega ya koti yangu, wakasimama wote na saluti. "Chefu, kaa hapa!" Wakanipa meza yangu peke yangu na samaki muzima. Ningejua, ningevua ile koti ya galoni ku mulango. Nikakula samaki yangu peke yangu. Nilipotoka tu, nikasikia wameanza kucheka tena.

Mungu awalinde. Nikirudi, tafazali usinitengee sahani. Nataka kugombania mboga na watoto.

Baba Neema